Mbao Nilizokunyima

Mtani wangu Damiano,

Wewe mwenye mikono mirefu isiyo na kazi siku hizi, pokea salamu za Zainabu wa Vamizi. Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile alizonifundisha marehemu baba nikiwa msichana, ambazo wewe hukujua hata moja. Kwa hiyo hata ungekuwa hai ungelazimika kuniomba nikusomee, nami ningekuzungusha kwanza mpaka unibembeleze. Karatasi ni ya mfuko wa sukari. Usiidharau. Humu ndani ya uzio karatasi safi ni ya shefe, mkuu wa humu, peke yake, na Mreno yule hagawi.

Leo ni siku ya arobaini na tatu tangu tukuzike. Nilitaka kukuandikia mapema, lakini niliona haya. Unajua kwa nini. Na kama hujui, basi nitakueleza mwenyewe, maana sijui kama mtu akishafika huko huona aliyofanyiwa mwili wake. Nilikunyima sanduku, Damiano. Wewe seremala, uliyewatengenezea wenzako masanduku mangapi, umelala ardhini bila ubao hata mmoja. Mbao zilikuwepo. Mimi ndiye niliyezikalia.

Tangu siku ile mkeo Rosalina hakunisemesha. Tukikutana kisimani alikuwa akiangalia ndoo yake. Nikimsalimia aliitika kwa koo tu, bila neno. Nyumba zetu zimetenganishwa na hatua nne, unajua, na hatua nne za mtu asiyekusemesha ni mwendo wa kuchosha. Nilikuwa nikipika mboga namwekea bakuli mlangoni, na bakuli lilirudi limefutwa nje, limefunikwa vizuri, na chakula changu kimo ndani vilevile.

Ngoja nianze tangu mwanzo, maana wewe ulikuwa hodari wa kusahau mambo yaliyokuaibisha.

Walipotukusanya kutoka huku na huku na kutusukumiza humu, sisi wa pwani na ninyi wa uwandani pamoja, wakatuzungushia seng'enge na kupaita aldeamento, mimi nilikuwa sijui hata mtu mmoja katika safu yetu ya nyumba. Asubuhi ya pili nikasikia mtu anagonga msumari huku akiimba kwa sauti mbaya sana. Nikatoka nikasema, "Mmakonde gani huyu anayefukuza kuku?" Nawe hukugeuka, ukajibu, "Mmakonde ambaye babu yake alikula samaki wa babu yako na hakulipa!" Hapo tukajua kwamba tumepata watani. Koo zetu zilitaniana tangu enzi za chumvi na mtama, na vita wala waya havikuwa vimeufuta utani huo. Nilicheka siku ile kwa mara ya kwanza tangu nyumba yangu ichomwe.

Kisha ukaniambia habari ya montanha-russa. Ulisema ulipokuwa kijana walikuchukua kufanya kazi kusini, mji mkubwa, na huko ukapigilia misumari kwenye reli ya feira, uwanja wa michezo na burudani, ambako watu wazima na akili zao walilipa ili wakalishwe kwenye kigari, wapandishwe juu, waachiwe waporomoke, wapande, wapinde, waporomoke tena, wakipiga kelele za hofu, na wakishuka wanaomba warudie. Nilikuambia wewe muongo. Uliapa kwa Mungu wako, ukaapa na kwa wangu. Ulichora kwenye mavumbi kwa kidole, na watoto wakakusanyika, wakawa hawaondoki. Kuanzia siku hiyo hawakukupa nafasi ya kupumua. "Fundi, montanya lini? Fundi, montanya lini?"

Tulikuwa tumeelewana kwamba watoto wale wanaharibika. Huko tulikotoka walikuwa na bahari, na miti, na njia za kukimbilia. Humu kulikuwa na amri: usisogelee waya hatua tano, usikimbie karibu na mnara wa askari, jua likizama usionekane nje. Watoto walijifunza kutembea polepole kama wagonjwa. Wewe ndiye uliyeliona hilo kwanza. Ulisema, "Zainabu, hawa watafika utu uzima bila kujua mwendo kasi ni nini." Sikukutania siku hiyo.

Mbao ulizipata wapi, na hilo nalo ni jambo la kukumbuka. Bohari la mbata la kampuni ya minazi lilikuwa limeanguka baada ya wenyewe kukimbia vita, na shefe alikuruhusu uende na askari wawili ukalete mbao kwa safari tatu, si zaidi, kwa sababu barabara ile ilikuwa na mabomu ya kutegwa na hakuna aliyeitaka. Ulirudi na mbao, na kitoroli kimoja kibovu cha kubebea magunia ya mbata, magurudumu yake manne ya chuma mazima. Ulikibeba kichwani kama bibi harusi anavyobebewa sanduku lake. Baada ya hapo barabara ikafungwa kabisa. Mbao zilizoingia siku zile ndizo zilizokuwepo, na hazikuongezeka tena.

Shefe naye alikubali kwa hila zake. Alitaka apige picha, awaonyeshe wakubwa wake kwamba watu wake wana furaha ndani ya waya. Wapo wazee waliokuja kukulaumu, wakasema unamchezea mkoloni ngoma. Nakumbuka ulivyowajibu huku misumari iko mdomoni: "Mtoto akicheka, hacheki kwa ajili ya shefe." Wakaondoka wananung'unika, lakini wajukuu zao walibaki wamekaa juu ya rundo la mbao. Na mwanao Tomé alikuwa msituni na wapiganaji, jambo ambalo wazee wale walilijua na ambalo hakuna aliyethubutu kulitaja. Kwa hiyo nani angekufundisha wewe kumchukia mkoloni?

Sasa tuje kwenye aibu yako. Tulipewa kiwanja kati ya nyumba yako na waya, hatua kumi na mbili kwa nane. Juu tusipite ukingo wa paa, ili askari wa mnarani auone uzio wote. "Não mais alto," alisema shefe, si juu zaidi ya hapo, akaonyesha kwa fimbo yake. Kitu kimoja tu tulichopewa na Mungu ni kichuguu kile kikubwa pale pembeni, kirefu kukushinda hata wewe, ndicho kikawa mlima wetu wa kuanzia. Na wewe, fundi mzima, ulichukua kamba, ukaifunga juu ya kichuguu, ukaivuta moja kwa moja. Hatua kumi na mbili ukafika kwenye mpaka. Ukaigeuza kamba upande mwingine, hatua nane ukafika tena. Ukakaa chini ukaweka mikono kichwani. Nilipita na ukili wangu, ule utepe wa kushonea mikeka, nikakuambia, "Mtani, njia yako hiyo mwisho wake ni risasi."

Ulinuna mpaka jioni. Nami nikakuonea huruma, ingawa mtani haruhusiwi. Nikaja na ukili, nikakuuliza, "Mkeka ninaolalia mimi, unafikiri ni mrefu kiasi gani ukiufumua?" Nikaufumua mkeka wangu mkuukuu mbele yako, mshono baada ya mshono, nikautandaza ule utepe mrefu kutoka mlangoni kwangu hadi kisimani na kurudi. Watoto walikuwa wakiuruka. Kisha nikaukunja tena, ukarudi kuwa mkeka wa mtu mmoja. Ukasema, "Wewe mtu wa samaki, umesomea wapi?" Hayo ndiyo maneno mazuri kuliko yote uliyopata kuniambia, na nimeyaweka.

Basi tukaanza kufanya kazi kwa namna ambayo sijaona mafundi wengine wakifanya. Nilikusukia ukili wa pima ishirini, upana wa vidole vinne. Nyekundu pale ambapo kigari kitashuka, nyeusi pale kitakapopanda, na ukindu mtupu kwenye kona. Tuliutandaza kiwanjani, tukauegemeza kwenye vijiti, tukaukunja, tukaupitisha juu ya mgongo wake wenyewe. Ukikosea, unavuta tu. Ubao ukishaukata hauungiki, lakini ukili unakusamehe mara mia. Nilikuonyesha kwamba ukitaka ukili upinde bila kufanya mikunjo lazima uvute ukingo wa ndani, na wewe ukapiga paja ukasema kumbe ndiyo maana kule feira kona zilikuwa zimelala upande. Ukaziinamisha kona zetu zote ziangalie ndani.

Ulinifundisha nawe jambo, nakiri. Ulisema kigari kinapewa nguvu mara moja tu, pale juu ya kichuguu, na baada ya hapo kinatumia akiba. Kila kilima lazima kiwe kifupi kuliko kilichotangulia. Na kwa kuwa mahali ni padogo na watoto si wa umri mmoja, ukaweka ule ubao wa kugeuza chini ya mteremko wa kwanza. Ukiusukuma kushoto, kigari kinakwenda njia fupi ya wadogo, kinapita chini ya daraja na kutoka taratibu. Ukiusukuma kulia, kinapanda darajani, kinapiga kona mbili na kuingia kwenye vilima vya wakubwa. Na wazee waanzie katikati ya kichuguu, ulisema, ili wasije wakafa tukalaumiwa. Mteremko mmoja, safari tatu. Nilikuambia wewe si fundi, wewe ni mchoyo wa mbao. Ulifurahi sana.

Halafu siku ya kujaribu. Tuliweka mfuko wa mchanga kwenye kigari, watoto wakapanga mstari, Rosalina akasimama mlangoni amejifunga kitenge kipya. Ukaachia. Kikashuka vizuri, kikapanda kilima cha pili, na kikafika juu kabisa, kikasimama. Hakikwenda mbele wala hakikurudi. Watoto wakaangua kicheko, na wewe ukaanza kupima nguzo upya kwa hasira. Tulikuja kugundua baadaye. Ukili niliusuka kwa pima yangu mimi, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, mikono yangu mifupi ya kuvunia kaa, na wewe nguzo uliziinua kwa pima yako. Mwendo ukawa mfupi na mlima mrefu. Pima ni pima, kila mtu alifikiri hivyo, na hakuna aliyejiuliza ni ya mkono wa nani. Ulinyoosha mikono yako ile mbele ya uso wangu ukasema, "Kuanzia leo humu ndani pima ni hii! Hii tu!" Nikausuka ukili mpya, pima ishirini za Damiano, nikikuita kila baada ya muda uje unyooshe mikono. Ulikuwa unakuja, unasimama kama Yesu wenu msalabani, na Rosalina anacheka mpaka anakohoa.

Kilikuwa kimebaki kilima cha mwisho, kona moja na ubao wa kusimamishia. Ukashikwa na homa.

Siku nne, Damiano. Ulikuwa mtu mkubwa, na homa ilikumaliza kwa siku nne. Dawa ilikuwa imekwisha kwa muuguzi, na barabara imefungwa. Siku ya tatu nilikuletea uji, ukanishika mkono ukasema, "Kona ya tatu, mtani. Kona ya tatu." Ukarudia mara nyingi. Rosalina anasema yalikuwa maneno ya homa, kwamba usiku kucha ulikuwa ukiita pia mbwa wako aliyekufa zamani. Inawezekana. Lakini mimi niliyapokea kama wosia, kwa sababu nilitaka kuyapokea hivyo. Alfajiri ya siku ya tano ukatulia.

Na hapo ndipo shemeji yako Bernardo alipochukua nyundo yako na mtaimbo, akaelekea kiwanjani.

Hakukosea. Seremala Mkristo lazima azikwe kwenye sanduku, na mbao pekee ndani ya uzio zilikuwa zile. Na ndefu za kutosha urefu wako zilikuwa za mteremko wa kwanza, pale zinapotokea kichuguuni. Aling'oa msumari wa kwanza. Nikasikia ule mlio nikiwa nafua kanga za msiba. Sijui nilifikaje. Nilipita katikati ya watu, nikapanda kwenye mteremko, nikakaa, miguu nimeinyoosha, kanga nimejifunga kibwebwe.

Watu wakacheka! Unajua desturi. Mtani akizuia njia kwenye msiba, akilala mlangoni au akikaa juu ya jembe la kuchimbia, watu wanajua kazi yake imeanza. Anapewa kidogo, kuku au tumbaku, anatukana kidogo, wafiwa wanacheka kidogo, anaondoka. Hata katekista alitabasamu. Wakasema, "Haya, mtani ameanza!" Bernardo akaniletea tumbaku. Sikuipokea. Akaniletea kuku. Kuku alikuwa ananitazama na mimi namtazama, na watu wanangoja nimtukane marehemu, niseme alikuwa na miguu ya bata au kwamba alikula nusu ya arusi yangu. Nilifungua mdomo. Nililia. Mtani haruhusiwi kulia, Damiano, ndiyo maana tupo, ili kuwe na mtu mmoja asiyelia. Mimi nililia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa, na nikasema, "Mbao hizi hazitoki."

Hapo vicheko vikaisha. Walinibembeleza, wakanikemea. Bernardo aliinua mtaimbo akaushusha. Niliwaambia mkiondoa mteremko, vilima vyote vilivyobaki ni kuni. Niliwaambia mnataka kumzika mara mbili. Maneno hayo nilikuwa siyajui mpaka yaliponitoka. Rosalina alikuja akasimama mbele yangu, macho yamevimba, akasema, "Zainabu, mume wangu nimfukie kama mbwa?" Nilitikisa kichwa tu na nikashikilia ukingo wa mbao kwa mikono miwili.

Ndipo nikakumbuka ukili. Pima ishirini, kwa mkono wako, umeviringishwa ndani kwangu, mwekundu, mweusi na mweupe. Ramani yote ilikuwa mle, hata kilima cha mwisho ambacho hukuwahi kukijenga. Nilimwambia Rosalina, "Hatazikwa kama mbwa. Nipe mpaka alasiri." Niliwaita wanawake wawili wa pwani, tukakaa chini, tukashona. Vidole vyangu vilitoka damu. Mteremko ukaungana na kona, kilima kikaungana na daraja, rangi zikachanganyikana ovyo, na kila nilipopitisha sindano nilijua nafuta njia. Ulipomalizika ulikuwa mkeka mzuri, Damiano. Sijawahi kushona mzuri kuliko ule. Wakakufunga ndani yake. Na wewe kwa ukaidi wako ukatokeza miguu. Nikavua kanga yangu nyekundu niliyojitanda, nikakufunika miguu, nikabaki na moja.

Askari walitusindikiza hadi makaburini nje ya waya, wakaturudisha kabla udongo haujatulia. Hatujaruhusiwa kwenda tena. Kwa hiyo barua hii naiandika nikijua kwamba sitaisoma pale ulipo.

Siku arobaini nilifanya kazi peke yangu. Bernardo alikuwa ameniachia nyundo yako juu ya kichuguu. Nilijifunza kupiga msumari, na kidole gumba changu cha kushoto hukitambui tena. Nilijaribu kukumbuka ukili kwa vidole. Nilifumba macho nikawa nasuka hewa, nyekundu hapa, nyeusi hapa, na vidole vilikumbuka vizuri mpaka kona ya tatu. Baada ya hapo vilinyamaza. Ramani umelala nayo. Kilima cha mwisho ikabidi nikisie. Nilinyoosha mikono yangu, nikagawa nusu, nikakata nguzo.

Najua unachekea huko. Subiri.

Jana asubuhi kazi ilikwisha. Watoto walikuwa wamejipanga mstari tena, kama siku ile ya mfuko wa mchanga. Sikutaka mfuko wa mchanga. Nilisema kama kuna mtu wa kuvunjika mgongo, awe aliyezikalia mbao. Nikapanda kichuguu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikaingia kwenye kigari, nikashika pembeni, nikasoma nilichoweza kusoma. Mtoto mmoja wa kike akasukuma ubao wa kugeuza upande wa kulia. Mwingine akaondoa kigingi.

Damiano, hukuniambia! Siku zote zile hukuniambia kwamba tumbo linabaki juu! Nilishuka huku sauti yangu ikiwa nyuma yangu. Nikapanda daraja, upepo ukanivua mtandio, nikaingia kona ya kwanza nikaona waya unapita, mnara unapita, askari amesimama mdomo wazi, waya tena, na kwa mara ya kwanza tangu niingie humu niliuona waya ule ukikimbia na mimi nimekaa. Kona ya tatu ilinishika vizuri, nilikuwa nimeiinamisha barabara kama ulivyotaka. Nikakitazama kilima cha mwisho, na papo hapo nikajua. Kilikuwa kifupi. Pima yangu tena! Kigari hakikupunguza mwendo hata kidogo, kikakiruka, kikauvunja ubao wa kusimamishia, kikatoka nje ya njia, kikapita kwenye lundo la jivu, kikafika kwa mkeo mlangoni, na mimi nikatua katikati ya makopa yake aliyoyaanika.

Nilikaa pale. Unga wa muhogo ulikuwa puani, machoni, kila mahali. Kuku walikuwa wamekimbia. Rosalina akatoka na mwiko mkononi. Akaniangalia. Akakiangalia kigari, gurudumu moja bado linazunguka. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia, nikasema, "Mumeo ana mikono kama ya kima, angalia alivyonifanya!"

Alianza kwa mabega. Nilifikiri analia. Kisha akakaa chini palepale mlangoni, akacheka, Damiano, akacheka mpaka mwiko ukamponyoka, mpaka akakohoa kile kikohozi chake, na watoto wakaanza, na mimi nikaanza, na hata yule askari wa mnarani nilimsikia. Alipopata pumzi alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaniambia, "Mtani, leo ndiyo umefika msibani."

Nililia tena, lakini safari hii aliniruhusu.

Kisha akaingia ndani akatoka na shati lako la kaki, lile la mikono mirefu ulilokuwa ukivaa Jumapili. Akaenda moja kwa moja kwenye kilima cha mwisho, akalitandaza juu ya nguzo zilizolala, akanyoosha mkono mmoja huku na mwingine huku, kutoka kifungo hadi kifungo. Pima yako, ila viganja tu havikuwemo. Tukagombana juu ya viganja. Yeye akasema vilikuwa hivi, mimi nikasema virefu zaidi, akasema, "Wewe ulivijua au mimi?" Tukatia alama kwa mkaa pale alipotaka yeye. Tulipokuwa tumeinama akaninong'oneza, askari asisikie, "Tomé akirudi ataniuliza baba yake alizikwa na nini. Nitamwambia alizikwa na ramani."

Leo asubuhi bakuli langu limerudi tupu.

Kwa hiyo nina haya ya kukuahidi kabla karatasi haijaisha. Kesho tunakiinua kilima kwa mkono wako, Bernardo ameshakata nguzo. Shefe akija na kamera yake atapata picha ya watoto wako wakiwa na midomo wazi, na wala hataelewa wanachokisema. Siku waya huu utakapong'olewa, na utang'olewa, nitakuja kaburini kwako kwa miguu yangu bila askari nyuma. Nitakuja na ukili mpya wa pima ishirini, kwa pima ya shati lako, nitautandaza kutoka kichwani pako hadi utakapofika, bila kuukunja hata mara moja. Na hapo mbele ya watu wote nitakutania kama nilivyopaswa, miguu ya bata na yote, sitaacha kitu.

Barua hii naiviringisha na kuitia ndani ya ufa wa nguzo ya kilima cha mwisho, chini ya alama ya mkaa. Kila kigari kikipita utaisikia.

Lala salama, mtani wangu. Mkeka usiuchafue. Na ile kanga nyekundu iliyo miguuni pako usidhani nilikupa. Nimekuazima. Tukionana, uwe umeikunja vizuri.

Zainabu